Msusi wa Bwera na Unywele wa Kirmani

Saa moja asubuhi. Boda boda zinagombania abiria kwenye barabara ya Mpondwe, lakini Naswiba yuko ndani, amepiga magoti kwenye sebule ya watu. Viatu ameviacha mlangoni. Mkononi ana ndoano ya kusukia rasta. Mbele yake hakuna kichwa, kuna zulia.

Anavuta uzi mwekundu wa sufu, anauzungusha kwenye uzi mmoja wa pamba, anaupitisha nyuma ya mwenzake, anakaza. Fundo moja. Penye nafasi ya kucha ya dole gumba yanaingia mafundo thelathini na sita.

"Sita huku, sita kule," anasema bila kuinua macho. "Nikikosea hesabu, ua linageuka kobe."

Naswiba, mwenye miaka ishirini na sita na watoto wawili, Munirah na mdogo wake, ni msusi hapa Bwera, magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Zulia ni la Haji Swalik, mwenye malori. Marehemu baba yake alilipata Mombasa kwa mfanyabiashara Mwajemi, akaambiwa limefumwa Kirmani, mji wa Uajemi, nchi tunayoiita Irani siku hizi. Tangu hapo kila binti wa nyumba hiyo huozwa akiwa amekaa juu yake. Mwaka huu ni zamu ya Sumayah, kitinda mimba.

Siku ya Idi, kaa la moto lilidondoka kutoka kwenye pasi. Likala zulia, likaacha tundu la ukubwa wa kisahani cha chai.

Haji akakata shauri: likatwe, sehemu zilizosalimika zifanywe misala ya kuswalia. Sumayah akaenda kulilia mbele ya kioo cha saluni ya Naswiba.

"Nikamwambia, mama, nyamaza, nitakuja kutazama," anasimulia Naswiba. "Nilifikiri iko kazi ya siku mbili!" Anacheka mpaka ndoano inamtoka.

Haji alimpa muda hadi Ijumaa ya ndoa. Ikifika tundu bado liko wazi, mkasi utapita.

Siku ya kwanza Naswiba aligeuza zulia aone mgongo wake, akaanza kuhesabu mafundo kwa kidole.

"Mutu alikaa, akafunga fundo, akafunga lingine, mpaka chumba nzima ikajaa. Mimi kichwa kimoja tu nalalamika mugongo."

Haji alimwongezea mshangao. Alimwambia kwamba hata neno pamba tumelipata kwa Waajemi, na rangi vilevile.

"Kumbe kila siku nikiuliza mteja anataka rasta ya rangi gani, niko naongea Kiajemi!"

Kwanza alitandaza nyuzi mpya za pamba kwenye tundu, ziwe msingi wa mafundo. Sufu nyekundu aliipata kwenye mitumba ya soko la Mpondwe: sweta kuukuu, la aina wanayovaa watu wa Mahango wakishuka na baridi yao ya mlimani. Alilifumua, akauchemsha uzi kwenye majani ya chai mpaka ukazeeka kama zulia lenyewe. Kila asubuhi, kabla ya kufungua saluni, alikuja kupiga magoti.

Baada ya wiki saba tundu likaziba. Naswiba akasimama kwenye mlango wa mbele, akatazama, akashukuru. Sumayah akaingia kwa mlango wa nyuma.

"Mama Munirah," akasema, "mbona zulia limeota upara?"

Kweli. Kutoka upande ule, kiraka kilimeremeta kama kichwa kilichonyolewa. Sufu ya zulia hulala upande mmoja, sawa na nywele. Naswiba aliona maua yanatazama mlango wa mbele, akadhani huko ndiko kwenye paji la uso, na sufu inalala kuelekea huko. Kumbe mfumaji alianzia upande wa mlango wa nyuma, na sufu hulala kuelekea alikoanzia. Kiraka chote kimelazwa kinyume.

"Mimi, msusi, nilisahau kupapasa! Kichwa cha mutoto unapapasa kwanza, kinakuonyesha nywele inaenda wapi."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Haji alimwambia, "Binti yangu, umejitahidi. Pumzika, tukate." Naswiba akamjibu, "Haji, mkasi usubiri Ijumaa ya ndoa."

Akafumua kiraka chote, akafunga saluni, akaanza upya.

Ni katika kufumua huko, ukingoni mwa sehemu iliyoungua, ndipo alipokiona: kitu cheusi chembamba kuliko sufu, kimefungwa ndani ya fundo la zamani. Akakishika mwangani. Vidole vyake havikuwa na shaka. Ulikuwa unywele wa mtu.

"Mwanamke alikuwa anafuma, unywele ukadondoka, akaufunga pamoja na uzi, hakujua. Nililia. Niliona kama ananipa mukono."

Leo ni Alhamisi. Naswiba anakaza fundo la mwisho, anasawazisha kwa mkasi mdogo, anajisogeza ukutani. Haji anaingia kwa mlango wa mbele, anatoka, anazunguka nyumba, anaingia kwa mlango wa nyuma. Anavua kandambili, anapitisha wayo pekupeku, mbele na nyuma.

"Tundu lilikuwa wapi?" anauliza.

Sumayah ameshaketi katikati, anajaribu mahali pake pa kesho.

Unywele je? Naswiba ameurudisha alipoukuta, ndani ya fundo jipya, wala hataonyesha ni lipi. Sasa anaweka akiba, na ameanza kumfundisha Munirah kuhesabu kwa sita sita.

"Nataka nifike huko Kirmani," anasema, akiifuta ndoano yake. "Yule mama alishakufa, najua. Lakini wajukuu hawakosi. Nitamutafuta mumoja, nimukalishe chini, nimupapase kichwa kwanza. Halafu nimusuke, bure."