Kichuguu Nyuma ya Jiko

Baba mkwe wangu aliniomba nisikichimbe kichuguu kilichokuwa nyuma ya mahali tulipopanga kujenga jiko, nami nikamjibu, "Sawa, Papa." Nilipaswa kukataa. Jembe lilikuwa tayari mkononi mwangu.

Mimi ni mtu wa Kingi, kwenye milima ya Masisi. Tulishuka Buleusa, kwao na mke wangu, na mzee akatupa kipande cha ardhi. Lakini huko aliyekupa ardhi hakupi kichuguu. Kichuguu kilibaki chake, maana kila majira ya mvua hutoa kumbikumbi, na kumbikumbi wa kukaanga ni kitoweo cha ukoo mzima. Na mwanamume anayekaa ukweni hana maneno mengi. Nilijenga nyumba pale pale karibu, nguzo za mikaratusi nikazisimika moja kwa moja udongoni, kama tunavyojenga kwetu kwenye baridi, ambako nguzo hudumu hata kumzika aliyeisimamisha.

Nilidhani ninawajua wadudu wa nyumbani. Sisimizi wadogo weusi walifuata sukari na ndizi mbivu. Ukifuta njia yao kwa kitambaa chenye sabuni, wanapotea. Wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao huacha unga chini ya tundu, kama wa msumeno, kwa sababu hawali mti, wanachimba makao tu. Siafu wakipita tuliwaachia nyumba, na tuliporudi hatukukuta panya wala kunguni. Basi nilipoona mstari wa udongo, mwembamba kama kidole, umepanda kwenye nguzo ya chumba cha kulala, niliubomoa kwa ufagio nikasema ni sisimizi.

Mke wangu akaukuta umerudi, akaniuliza:

"Papa, iyi sisimizi yako inajua kujenga?"

"Iache. Itaenda."

"Itaenda wapi? Kwenu Kingi?"

Majira yalipofika, alasiri moja mvua ikiwa imekatika, wadudu wenye mabawa walianza kutoka ndani ya nguzo ile. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa amekuja kututembelea. Akapiga vigelegele, akakimbilia sufuria.

"Dada, baraka yenu inawafuata mpaka kwenye kitanda!"

Walicheka. Mimi nilimshika mdudu mmoja, nikampeleka mlangoni kwenye mwanga. Sisimizi naye huota mabawa, na nilitamani sana awe sisimizi. Lakini sisimizi ana kiuno kama kilichokazwa kwa uzi, vipapasio vyake vimekunjika kama kiwiko, na mabawa yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Huyu hakuwa na kiuno. Vipapasio vilinyooka, mabawa yote manne yalikuwa sawa. Alikuwa mchwa. Niligonga nguzo kwa mpini wa panga, ikalia kama debe tupu.

Nilikwenda kwa mzee. Nilimkuta mbele ya sahani ya kumbikumbi.

"Papa, nyumba inaliwa. Naomba ruhusa nikichimbe kichuguu."

"Inaliwa? Basi na weye kula." Akanisukumia sahani. "Ngoja majira ipite, mukwe. Watu wa milima munaogopa mpaka chakula!"

Nikala. Niliporudi, mke wangu aliniuliza mzee alisema nini. Nikamwambia tungoje.

"Baba yangu hatalala humu," alisema. "Sisi njo tutalala."

Ningeweza kuweka nguzo za kuegemeza ukuta siku ileile. Niliona aibu: mzee angepita, angeziona, angejua simwamini. Kabla majira hayajaisha ulikuja upepo, na mke wangu alikuwa ndani akikunja nguo. Nguzo ilikatikia kwenye udongo. Boriti ikamwangukia kiunoni.

Nilipotoka kumpeleka hospitali sikumwomba mtu ruhusa. Nilichimba kichuguu mpaka nikamfikia malkia, mnene kuliko kidole gumba, nikamtoa. Mzee alisimama kando akinitazama. Sikuacha jembe, naye hakuniambia niliache.

Nyumba ya sasa inakaa juu ya mawe, hakuna mti wake unaogusa udongo. Kila asubuhi ninazigonga nguzo, moja baada ya nyingine, kisha ninainama kutafuta mistari ya udongo. Anayejenga jirani yangu nampelekea mchwa na sisimizi kwenye kiganja kimoja, namwonyesha kiuno, vipapasio na mabawa, hata kama ana haraka. Wengine hunikimbia. Nitawafuata tu, maadamu nina macho.

Mke wangu alikuwa mkulima kuliko mimi. Maharagwe na mihogo ya mlimani vilikuwa mikononi mwake. Mfupa wa nyonga haukuunga vizuri. Sasa anakwenda kwa magongo, kutoka kitandani hadi jikoni, na shamba lake lililoko juu hajaliona tena. Nilimridhisha baba yake, na mke wangu akapoteza uwezo wa kupanda mlima.