Nilionja, Sikula

Nilipika katika bweni la chuo kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hakuna mwanafunzi aliyerudisha sahani akisema chumvi imezidi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu yale mengine mtayasikia, na hayo ndiyo watu wanayoyakumbuka.

Jiko letu lilikuwa na sufuria nne, kila moja mtu angeweza kuogea ndani yake. Tulipikia watu mia tatu. Asubuhi uji wa soya na maziwa, sufuria mbili, na chai ya maziwa, mchana wali na maharage, jioni mchuzi. Mimi shule sikuiona, vipimo vya kwenye karatasi sivijui. Kipimo changu kilikuwa ulimi. Nilikoroga, nikachota kwa upawa, nikamimina kiganjani, nikalamba. Uji ukichemka, ukishika uzito, ukitiwa sukari, na tena kabla ya kupakua. Mpishi mzee aliyenifundisha kazi alinichapa mkono kwa mwiko siku niliyopakua bila kuonja. "Unataka watoto wa watu ndio wakuonjee?" aliniuliza. Sikurudia.

Mimi nami nikamfundisha mwenzangu. Tulimwita Kijiko, maana alikuwa na kichwa kikubwa juu ya mwili mwembamba. Alikuja hajui hata kuwasha jiko la gesi. Nikamshika mkono kama mdogo wangu wa tumbo moja, naye akawa ananiita dada.

Mwaka wa kumi na saba mwili wangu ukanigeuka. Nilisikia baridi nikiwa mbele ya moto, nikavaa sweta chini ya aproni. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Choo nilikipata siku ya nne, ya tano. Sauti ikakwaruza, na usingizi ukawa unanichukua nimesimama, mwiko mkononi. Halafu nikanenepa. Si unene wa kushiba, ni unene wa kuvimba: nikiamka uso umejaa, macho yamefinywa kama ya mtu aliyelia. Sare ya mwaka jana ikakataa vifungo.

Baba watoto alisema kitanda kimekuwa kidogo. Nikadhani anatania. Baada ya miezi miwili alikuwa amepata kitanda kingine, pamoja na mwenye kitanda.

Nikaacha mkate. Nikaacha wali. Nikawa nakula mara moja tu kwa siku, saa nane mchana, mboga za majani na yai la kuchemsha, mbele ya kila mwenye macho. Kilo zikazidi kupanda.

"Dada, siku hizi unakula nini?" Kijiko aliniuliza siku moja tukimenya vitunguu, waosha vyombo wakisikiliza.

"Mboga na yai. Si unaniona?"

"Mboga gani hizo? Nipe mbegu na mimi nipande."

"Hata ng'ombe anakula majani," mwosha vyombo mmoja akadakia, "lakini tazama paja lake!"

Wakacheka mpaka wakashika meza. Nami nikacheka, mjinga mimi. Sikujua kwamba kicheko kile kilikuwa kimeshatoka jikoni na kufika ofisini.

Wakati huohuo maziwa ya unga na sukari vilikuwa vinapungua stoo. Funguo zilikuwa tatu: moja ya matroni, ambaye ndiye aliyelisimamia bweni, moja yangu, moja ya Kijiko. Asubuhi moja matroni akatuita wote stoo, akasimama kando ya mizani ya magunia.

"Stoo inapungua, na jikoni kuna mtu anaongezeka," alisema. "Hesabu hii hata mtoto wa chekechea anaiweza."

"Matroni, mimi sijala kitu cha bweni. Mlo wangu ni mmoja na naulipia."

"Panda hapo."

Nilipanda palepale tulipokuwa tukipima mchele. Kilo tisini na nne. Akaziandika kwenye daftari la stoo, chini ya maharage. Tangu hapo kila Ijumaa nilipimwa, wapakuzi wa mizigo wakisubiri zamu ya magunia yao. Jina langu likawa Gunia. Wanafunzi nao wakalidaka.

Binti yangu wa kwanza, fundi cherehani, ndiye aliyenipeleka hospitali. Alikuwa ananipima gauni, akagusa shingo yangu, akasema, "Mama, vaa viatu twende."

Daktari alinibonyeza shingo, akatoa damu. Majibu yalipokuja aliniambia kwamba hapo shingoni kuna tezi, wanaiita thairoidi, na yangu imelala. Mwili mzima unaisubiri iamke. Ndiyo maana baridi, ndiyo maana usingizi, ndiyo maana unene.

"Utameza kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yako yote," alisema. "Tumbo tupu, kwa maji matupu, na ukae saa nzima bila kula. Lakini usitegemee miujiza, mama. Dawa itakupunguzia kilo chache, na nyingi ya hizo ni maji. Zilizobaki ni kazi ya sahani yako na miguu yako."

Nililia pale kwenye kiti, si kwa huzuni. Nilikuwa nimepata karatasi inayosema mimi si mwizi.

Matroni aliisoma mara mbili, akanirudishia.

"Vizuri. Kama ni ugonjwa, dawa itautoa. Nakupa mpaka muhula uishe, miezi mitatu. Mizani ikishuka, nitakuomba radhi mbele ya watu. Isiposhuka, kazi huna, na kila mtu atajua kwa nini."

Basi nikakaza roho. Saa kumi na nusu alfajiri nameza kidonge kwa bilauri ya maji. Napanda kilima kwa miguu mpaka bwenini, nanawa mikono, nawasha moto, naanza uji. Sikutia kitu mdomoni mpaka saa nane. Ningeapa hivyo mbele ya hakimu. Ijumaa ya kwanza tisini na nne. Ya nne, tisini na nne. Ya saba, tisini na tano. Damu ikapimwa tena, tezi bado imelala. Daktari akaongeza dozi, akaniangalia kwa jicho la pembeni: "Unazimeza kweli?" Hata yeye.

"Dada, labda hicho kidonge chenyewe kina mafuta," Kijiko alisema.

Wiki moja kabla ya muhula kuisha nilirudi kliniki. Safari hii nilimkuta muuguzi wa makamo, mnene kunishinda, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Nihadithie asubuhi yako," alisema. "Tangu unapofungua macho. Usiruke hata kikohozi."

Nikamhadithia. Nilipofika kwenye sufuria akaweka kalamu chini.

"Unajuaje kama sukari imetosha?"

"Naonja."

"Mara ngapi?"

"Kama kila mpishi. Mara nne, mara tano, kila sufuria."

Akainuka, akaleta jagi la maji, kikombe na upawa mdogo wa kugawia dawa ya maji. Akaniambia nimimine kiganjani kama ninavyomimina jikoni, kisha niyamwage kikombeni badala ya kulamba. Nikamimina kwa hesabu ya sufuria ya kwanza, kisha ya pili. Kikombe kikajaa. Akaleta kingine, nacho kikafika nusu.

"Hapo ni uji peke yake?"

"Uji peke yake. Chai bado."

"Mama yangu, soya na maziwa vinaizuia hiyo dawa isiingie mwilini. Unameza kidonge, halafu unakifukuza kwa uji. Kisha mchana kutwa unalamba mchuzi, wali wa mafuta, maharage. Hicho ni chakula cha mtu mzima na mtoto wake."

"Lakini mimi sijala," nilimwambia.

Hakucheka. Nami sikuwa nadanganya. Hakuna mpishi anayehesabu kuonja kuwa kula, kama vile fundi cherehani hajihesabu kuwa amevaa nguo anayoipima kwenye bega lake. Muuguzi akanibadilishia saa: nimeze wakati wa kulala, masaa mengi baada ya kula. Na jikoni nionje kwa ncha ya kijiko, kisha niteme.

Nilikwenda kwa matroni karibu mbio. Furaha ilinifumba macho. Kijiko alikuwa ofisini, ameleta orodha ya vitu vya wiki. Nikamwaga yote: soya, maziwa, kiganja, vikombe. Nilidhani naleta ushahidi wangu.

Matroni alisubiri nimalize.

"Kwa hiyo ulikuwa unakula," alisema.

"Naonja, matroni. Ndiyo kazi."

"Vikombe vingapi?"

"Viwili kasoro. Vya uji."

"Na mchuzi?"

Nikatazama kiganja changu.

"Kila siku. Miaka kumi na tisa." Akamgeukia mwenzangu. "Wewe huwa unaonja?"

Kijiko aliangalia orodha yake. "Kidogo tu, matroni. Kwa ncha ya kijiko. Tena natema."

Miaka tisa tulipika bega kwa bega na sijamwona akitema. Nilimtazama anitazame. Hakunitazama.

Barua nilisomewa na binti yangu jioni ile. Ilisema kwamba nimeachishwa kazi kwa kula chakula cha wanafunzi, kwa kukiri mwenyewe. Binti alifika hapo akasimama, nikamwambia asome mpaka mwisho.

Dawa sasa inafanya kazi. Nameza wakati wa kulala. Baridi imeondoka, nywele zimeshika, choo kimerudi. Kilo zimeshuka mpaka themanini na saba zikagoma. Kila jioni natembea kuzitafuta zilizobaki, na mkate nimeacha kabisa. Nasikia Kijiko ndiye mpishi mkuu, na sukari bado inapungua stoo. Yeye ni mwembamba, hakuna anayempandisha kwenye mizani.

Nilikwenda kuomba kazi kwenye mgahawa karibu na soko. Mwenye mgahawa alinipenda, akaniuliza nilikuwa wapi, akampigia matroni simu nikiwa nimesimama palepale. Alipokata simu uso ulikuwa mwingine.

"Kupika hapana, mama. Ukitaka, kuna kuosha vyombo."

Nikasema nataka. Sufuria zinanifikia zikiwa tupu.