Dada Yangu na Vikombe vya Wageni

Ninyi vijana mliosoma, tulieni niwaambie hili.

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu Okot shuleni, Lubaga. Okot hasemi, na kelele humfanya azibe masikio. Mwalimu alimpa kiti dirishani palipo na utulivu, akawaambia wengine, "Huyu ni mwenzenu." Nikamkumbuka dada yangu Aber.

Baba alikuwa polisi, tukikaa kambini Nsambya. Siku ya ukaguzi kambi nzima ilinuka sabuni na rangi ya viatu, na kila familia ilisimama mbele ya mlango wake. Aber naye hakuwa akisema. Mama alimfungia chumbani, pamoja na sanduku la vikombe vya wageni. Nilimwonea wivu, maana nilijua mama hufungia vitu vya thamani tu.

Afande akauliza, "Watoto wote wapo?"

"Wote, afande!" baba akajibu.

Ndani, Aber akagonga mlango.

"Bado mmoja, afande," nikasema kwa majivuno. "Yule mzuri tumemweka na vikombe."

Mama akanifinya. Afande akatazama viatu vyake, akaenda nyumba ya pili.

Krismasi vikombe vilitoka. Aber hakutoka.

Leo tunangoja wageni wa posa, na mkwe wangu ameninong'oneza, "Mama, Okot tumfungie chumbani kidogo tu, asituaibishe."

Nimewaambia wote: ufunguo wa chumba hicho uleteni hapa mkononi mwangu. Okot atakaa mkekani kando yangu, na chai ataipokea wa kwanza, kwa kikombe cha wageni.