Sheria Niliyoisoma kwa Posta

Heri mnisikie mimi kabla ya kusikia sokoni Garissa. Mimi ni karani na mkalimani wa Bwana DC, Mwingereza anayetawala wilaya yetu, na mwaka wa tatu sasa nasomea shahada ya sheria kwa masomo yanayotoka London kwa posta.

Watu wa ukoo wetu walivuka mpaka wa malisho, na ngamia wa mjomba wangu, ambaye kwa Kisomali namwita Abti, wakakamatwa pamoja na ngamia wao. Wazee walimshauri atoe watano yaishe. Nikamzuia.

“Abti, wewe hukuvuka. Sheria haimwadhibu mtu kwa kosa la mwenzake.”

Aliniamini. Siku ya kesi nilisimama nikamwaga Kiingereza changu chote. DC alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisogezea kitabu cha sheria za wilaya zetu, ambacho sikuwahi kukifungua.

“Soma hapo.”

Nikasoma kwamba kosa la mmoja hulipwa na ukoo mzima. Akaamuru ngamia wote wachukuliwe.

“Amesema nini?” Abti akaniuliza mbele ya watu.

Hapakuwa na mkalimani mwingine. Ikabidi nimwambie mimi mwenyewe kwamba sheria niliyomwapia ni ya Waingereza, sisi haituhusu.