Karatasi ya Parke

Mtu wa pwani akisema mahakama, amemaliza. Sisi wa Bukavu hatumalizi haraka hivyo. Tuna baraza, ambapo wazee wa mtaa hukaa kwenye viti vya plastiki na kuamua mbuzi wa nani kala mihogo ya nani. Tuna Tripaix, mahakama ndogo inayosikiliza kesi za urithi na mashamba ya kimila. Juu yake iko Grande Instance, na juu zaidi Cour d'appel, ambayo watu huitaja kwa kushusha sauti. Halafu tuna parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Parke haihukumu mtu yeyote, lakini ndiyo tunayoiogopa kuliko zote. Mwanamke akigombana na jirani bombani hasemi atamshtaki. Anasema, "Nitakupeleka ku parke," na mwenzake anachukua ndoo yake anaondoka.

Wengine hujifunza mambo haya chuoni. Mimi niliyajifunza kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka alie.

Mtu huyo ni baba mdogo. Baba yangu alipofariki alituachia nyumba ya mbao na shamba la ndizi na maharage kule Kasha. Matanga hayajaisha vizuri, mdogo wake akaanza kulipima shamba kwa hatua, mikono nyuma. Mama akampeleka barazani. Wazee walisikiliza, wakanywa kasiksi yetu ya ndizi, wakasema mjane abaki kwake. Nilikuwa bado mdogo, nikadhani yamekwisha.

Wiki chache baadaye baba mdogo alikuja na karatasi yenye muhuri. Mama hasomi Kifaransa, ila alilitambua jina la ukoo la mumewe, pale juu, kwa herufi kubwa.

"Maman, unaona? Hii ni ya parke. Lundi watakufunga," alisema. "Mie nakuhurumia tu, njo maana nakuambia. Hama mbele ya hiyo siku."

Aliiacha mezani kwa kiburi akaenda zake. Jumapili, siku moja kabla ya hiyo Lundi, tulihama. Mama alibeba godoro kichwani, mimi nikabeba sufuria, na kwa miaka kumi tuliishi Nyalukemba, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya watu, mama akiwafulia nguo. Akimwona polisi alivuka barabara. Ile karatasi aliificha ndani ya Biblia na hakuniruhusu kuigusa, maana kwake kitu cha parke humletea mtoto mkosi.

Nilikua, nikapata kazi ya kupiga chapa barua za watu. Meza yangu iko nje, Ibanda, karibu na mahakama. Siku moja mama aliumwa akalazwa, nami nikatumwa kuchukua kitambulisho chake, kilichokuwa ndani ya Biblia ileile. Karatasi ikaanguka. Nikaisoma.

Wito ulikuwa wa baba mdogo mwenyewe. Jina la ukoo lilikuwa la wote wawili, yeye na baba, lakini jina la ubatizo lilikuwa lake. Alikuwa amempiga jirani yake kwa fimbo, na parke ilimwita ajieleze. Alimfukuza mama yangu kwa karatasi ya aibu yake mwenyewe.

Sikulia. Niliketi kitandani nikacheka vibaya, kisha nikaapa kwamba shamba litarudi.

Mashtaka niliyapiga chapa mwenyewe, bila kosa la herufi hata moja. Sikwenda barazani, kwa sababu barazani kesi huisha kwa kunywa pamoja, na mimi sikutaka kunywa naye. Nilikwenda Tripaix. Siku ya kusikilizwa, jaji aliniambia nisome karatasi ile kwa Kiswahili ili wote waelewe. Nilisoma polepole. Jina la ubatizo nililisoma mara mbili, ingawa lilikuwa limeandikwa mara moja. Watu wa Kasha waliojaa kwenye mabenchi walicheka mpaka jaji akagonga meza. Baba mdogo aliangalia viatu vyake. Nasema ukweli, nilisikia utamu.

Tulishinda. Lakini alikuwa na siku thelathini za kukata rufaa, na mama alirudi Kasha bila kufungua mizigo. Alisema hawezi kuhamishwa mara mbili, safari hii atakufa. Kila asubuhi aliniuliza tarehe.

Siku ya ishirini na saba baba mdogo alikuja mezani kwangu, kofia mkononi, kana kwamba hatujawahi kukosana.

"Mutoto yangu, weye unajuaka mambo ya huku. Nataka kufanya appel. Ni ku Cour d'appel, hapana?"

Wengi hukosea hivyo. Wakisikia rufaa, akili inakwenda moja kwa moja kwenye ile ya juu kabisa. Rufaa ya Tripaix hupelekwa Grande Instance, na mlango wake ulikuwa mbele ya macho yangu. Ningeweza kumwonyesha kwa kidole.

"Ndiyo, baba mudogo," nikamjibu. "Pale pale. Ufike mapema, kuko watu mingi."

Alinishukuru. Kesho yake alipita tena, amechoka, akasema amepanga mstari mchana kutwa na karani kamwambia arudi.

Jioni nilimsimulia mama. Yeye ni mwanamke wa kanisa, na nilijua atanigombeza. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, na mikono yake haikusimama.

"Kunabakia siku ngapi?"

"Mbili, maman."

"Kesho akirudia kwako, usimufukuze. Umukalishe, umupe chai ya maziwa. Umuulizie habari ya batoto yake yote, moja moja." Akatupa kijiwe nje ya mlango. "Iko nabo tisa."