Kila Jumamosi Tuliishia Darajani

Nikisikia harufu ya rangi ya viatu ikichanganyika na ya majani mabichi yaliyoloa, hasira hunipanda hata kabla sijakumbuka ni hasira ya nini. Halafu namwona baba amechutama mlangoni pa nyumba yetu ya kupanga kule Wheaton, Marekani, brashi mkononi, anang'arisha viatu vyake vyeusi vya ngozi ili tuende kutembea msituni. Ndiyo, msituni. Wengine walikwenda huko na raba na kaptula. Baba yangu alikwenda na suruali ya kupigwa pasi, shati la kuchomekea, na viatu vilivyong'aa hata ungeweza kujitazama uso ndani yake. Kwao Taita, alisema, mtu hatoki nyumbani hovyohovyo, maana hajui atakutana na nani njiani.

Matembezi hayo yalianzishwa na daktari. Baba alipimwa akakutwa na presha, akaambiwa apunguze chumvi na atembee. Chumvi ilimshinda. Kutembea alikubali, na kwa kuwa Jumamosi mama alikuwa kazini akihudumia wazee majumbani mwao, hakukuwa na mtu wa kubaki nami. Nilikuwa darasa la tatu. Baba mwenyewe alikuwa ametoka tu zamu ya usiku kwenye ghala moja huko Landover, macho mekundu, na bado alikuwa na nguvu za kupiga brashi.

Pale tulipoegesha gari palikuwa na kibao chenye ramani. Njia yetu ilichorwa kwa kijani, na maelezo yalisema ni matembezi mepesi, yanayofaa wazee na watoto. Unaingia kwenye miti, unafuata kijito, unavuka daraja la mbao, unateremka bondeni, unatokea ziwani. Ziwani kulikuwa na bata, na wenzangu wote darasani walikuwa wamewaona. Kila Jumatatu mwalimu alituuliza wikendi tulifanya nini, na kila Jumatatu nilisema nilifika darajani. Siku moja mwenzangu akacheka, akasema hapo hata mdogo wake anayetambaa anafika. Basi nililitamani ziwa lile kuliko nilivyotamani baiskeli.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa salamu. Baba hakuweza kumpita mtu kimya, eti kwa sababu hamjui. Watu wanakimbia, jasho linawatoka, muziki uko masikioni, naye anawanyoshea mkono. "How are you? And how is home? Your people are all well?" Bwana mmoja alilazimika kutoa vile vya masikioni ili asikie anaulizwa nini, na akiwa bado anahema akaeleza kwamba mke wake alikuwa na shida ya goti. Jumamosi iliyofuata baba alimsimamisha tena kuulizia goti. Mimi nilikuwa nyuma ya mti, nikijifanya natafuta kitu.

Kikwazo cha pili, na ndicho kilichonichosha roho, kilikuwa daraja lenyewe. Tukifika pale, baba alisimama, akatoa simu mfukoni mwa shati, akaitazama, akairudisha. Tunangoja. Asubuhi yetu ilikuwa jioni ya Taita, na ndiyo saa ambayo nyanya, mama yake baba, alipanda kilima akiwa na baba yangu mdogo, mwenye simu. Network ya kijijini kwao ilipatikana kule juu tu. Wakifika waliflash: simu ya baba ililia mara moja ikakatika. Hapo baba alichomoa kadi ya kupigia, akabonyeza safu ndefu ya namba, akakaa kwenye kingo ya daraja na kuongea Kitaita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Alikuwa hajamwona mama yake tangu aje Marekani. Karatasi zake zilikuwa bado, na akitoka nchini hangeruhusiwa kurudi.

Mwishowe simu ilinifikia mimi. Nyumbani nilikuwa nikijibu kila kitu kwa Kiingereza, lakini kwa nyanya nilijikamua kwa Kiswahili. Nilipewa jina lake, Wakesho, kwa hiyo aliniita wajina.

"Wajina, leo mko wapi?"

"Darajani."

"Bado darajani? Mwambie baba yako nimesema akufikishe mwisho."

Nilimrudishia baba simu kama hakimu aliyekwisha kutoa hukumu. "Daddy, Nyanya amesema unifikishe mwisho. She said it!"

Baba alicheka. "Nimesikia. Iko siku." Kisha tukageuza, kwa sababu kufikia hapo alikuwa anasinzia akiwa wima.

Zilikuwepo pia Jumamosi ambazo simu haikulia. Hizo ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Tulikaa pale mpaka bibi mmoja Mzungu, mwenye fimbo mbili, akatupita akielekea ziwani, akafika, akarudi, akatupita tena. "The ducks are out, sweetheart," aliniambia, kwa nia njema kabisa. Nilitaka kulia. Nilimwambia baba tungoje huku tukitembea, simu si ilikuwa mfukoni? "Hapa ndipo pazuri," alijibu, basi, hakuna maelezo. Nikaamua kwamba baba yangu ni mvivu, au analiogopa bonde, na nikaipiga ile kingo teke hadi kidole kikaniuma.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, kuna wiki nyumba yetu ilijaa watu. Walikuja wa kanisani, wakaleta sufuria za wali, wakachemsha chai, wakaimba na kuomba. Sikushangaa. Kwetu watu walijaa vivyo hivyo mtoto akizaliwa, mtu akifaulu mtihani wa unesi, au akipata karatasi zake. Wakubwa waliongea Kitaita, lugha waliyohamia kila jambo lisipotuhusu watoto, nami nilikuwa nimeshajifunza kutouliza. Jambo la ajabu pekee ni kwamba mama hakwenda kazini.

Jumamosi ilipofika, nilivaa koti nikasimama mlangoni.

"Mwache baba yako apumzike leo," mama alisema.

"Acha twende," baba akasema, akavaa viatu.

Hakuvipiga rangi. Vilikuwa bado na tope la wiki iliyopita. Na njiani hakusalimia mtu. Bwana wa goti alipotuona alipunguza mwendo na kuvitoa vya masikioni mwenyewe, lakini baba alimpungia mkono tu, akapita. Mimi nilifurahi mno. Leo tunaenda kama watu wengine, nilijiambia. Darajani niliegemea kingo yangu kama kawaida, tayari kwa kungoja, nikasikia viatu vya baba vikiendelea kugonga mbao. Simu hakuigusa.

"Njoo," alisema bila kugeuka.

Niliteremka bonde lile nikikimbia. Ziwa lilikuwa dogo, maji ya kahawia, na bata walikuwa wamelala chini ya kichaka, hawana habari na mtu. Sikujali. Nilipiga makofi, nikaruka, nikamwonyesha baba bata kana kwamba nimewaumba mimi. Baba alikaa kwenye benchi, akaliangalia maji.

"Nyanya yako aliniagiza nikufikishe," alisema. "Basi, nimekufikisha."

"Tumpigie! Let's tell her!"

Alitoa simu, akaniinamishia nione kioo chake. Vile vistari vya network havikuwepo hata kimoja.

"Huku chini hakuna network, mama. Haijawahi kuwepo."

Siku zote aliniita mama, kwa sababu ya jina. Nilikubali jibu lake nikarudi kwa bata. Jumatatu nilikuwa wa kwanza kunyosha mkono darasani.

Krismasi nilipoomba kumsalimia nyanya, niliambiwa amelala. Mara nyingine simu ya baba mdogo ilikuwa imeharibika. Nilijua ukweli miaka miwili baadaye, picha za kaburi zilipoletwa na mgeni kutoka nyumbani nami nikasoma jina langu kwenye msalaba. Mama aliniambia, "Umebeba jina lake. Tungekukalisha chini tukuambie Wakesho amekufa?" Walidhani wananilinda. Mimi nilikasirika, na nikisema yameisha nitakuwa nadanganya. Waliniacha nipige makofi mbele ya mtu ambaye hakuweza kwenda kumzika mama yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini darajani ndipo palikuwa pazuri. Ilikuwa hatua ya mwisho ambapo nyanya, amesimama juu ya kilima chake, angeweza kutupata.

Baba alipata karatasi zake kitambo sasa, ingawa nyanya alikuwa keshazikwa. Siku hizi anatembea na fimbo, na network imejaa kila mahali, mpaka ziwani. Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye njia yetu. Alikuwa amepiga viatu rangi, akasalimia kila mtu, tukachelewa, nami nilikuwa na kazi zangu zinaningoja na nilikuwa nimeanza kununa kama zamani. Tulipofika darajani akasimama. Mkono wake ukaenda kwenye mfuko wa shati, ukabaki hapo.

Nilifungua mdomo nimwambie twende, baba, ziwa si liko hapo tu. Nikaufunga. Nikaegemea kingo yangu, nikangoja naye.