Nilivyolisifia Gitaa la Dada Anna

Mimi ndiye mtaalamu wa muziki wa roki pale mtaani kwetu Ng'ambo, cheo nilichojipa mwenyewe. Juzi nilibishana na Dada Anna, mpiga gitaa wa bendi moja ya mtaa wa Isevya. Yeye alishikilia ufundi, mimi nikasema roki ni moto tu.

"Basi njoo mazoezini usikilize," akasema.

Nilipofika, ukumbi ulikuwa unanguruma. Nikasimama mlangoni, nikafumba macho, nikatikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka. Kelele zilipokoma nikapiga makofi. "Huo ndio moto, Dada Anna! Leo ufundi umeuacha nyumbani!"

"Asante, kaka," ikajibu sauti ya kiume kutoka ndani. "Nakata nondo za dirisha."

Nikageuka. Dada Anna na bendi yake nzima walikuwa nyuma yangu, ndio kwanza wanafika na vyombo vyao.